Kumtafutia Baba Neema kimya: shajara ya safari ya miaka 20 ya ndoa

Jumapili, 1 Juni 2025

Daftari la mradi linafunguliwa leo. Tarehe 10 Septemba mimi na Baba Neema tunatimiza miaka 20 ya ndoa. Tulifunga Jumamosi mwaka 2005, hapa hapa Morogoro, na Jumatatu yake alikuwa karakanani kwa sababu mteja alikuwa anasubiri mageti mawili. Fungate hatukukaa.

Kazi yake ni kuchomelea. Grenda, nyundo, na jenereta umeme ukikatika, siku sita kwa wiki. Tangu mwaka jana masikio yanamvuma usiku. Nilipomuuliza anataka tufanye nini kwa miaka 20, nilitegemea ataniambia tule chakula kizuri nyumbani na watoto. Akakaa kidogo, akasema, "Mama Neema, nipeleke mahali ambapo sitasikia chuma."

Nimeamua iwe baharini. Yeye ni mtu wa Kondoa. Bahari ameivuka kwa kivuko cha Kigamboni tu, hajawahi kuikanyaga. Kuogelea hajui, na maji ya kina anayaogopa kabisa. Kwa hiyo natafuta ufukwe wenye kimya, ambao mtu asiyejua kuogelea anaweza kuingia bila moyo kwenda mbio. Pesa: shilingi 1,200,000. Nusu iko kwenye kibubu, nusu itatoka kwenye upatu, zamu yangu ni Agosti.

Jumatano, 11 Juni

Majina niliyoandika baada ya kuulizia kazini na kanisani: Nungwi, Kendwa, Paje, Mafia, Kilwa Masoko, Vumawimbi kule Pemba, Mikindani, Ushongo kule Pangani, na Kigamboni. Kigamboni nimeikata saa hiyo hiyo. Wikendi Dar nzima iko kule.

Jumanne, 17 Juni

Unguja imenichukua jioni tatu. Kila mtu ananiambia Zanzibar, na kwa kweli kufika si kazi: treni ya mwendokasi hadi Dar, halafu boti, mwendo wa saa mbili hivi. Nungwi na Kendwa zina sifa moja kubwa, maji hayaendi mbali yanapokupwa, unaogelea wakati wowote. Lakini kule ndiko muziki uliko, na Kendwa inajulikana kwa sherehe za mwezi mpevu. Nikatazama kalenda: mwezi utakuwa mpevu tarehe 7 Septemba. Tungefika katikati ya ngoma.

Paje na Jambiani nilizipenda kwenye picha. Tatizo ni kwamba upepo wa kusi, unaovuma tangu katikati ya mwaka hadi Septemba, ndio unaowaleta watu wa mchezo wa tiara za baharini, na Paje ndiyo makao yao. Si watu wabaya. Ila Baba Neema akiketi ufukweni kila saa kamba za tiara zikimpita mbele ya macho, hatapumzika.

Unguja nzima imetoka kwenye orodha. Imeniuma kidogo, maana mimi mwenyewe nilitaka kuwaona akina mama wa mwani.

Jumapili, 22 Juni

Mafia. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, na kila aliyefika anaisimulia kwa sauti ya chini kana kwamba hataki wengine wajue. Lakini papa potwe, wanaovuta watu wengi, huonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Februari karibu na Kilindoni. Septemba tungewahi mno. Upande wa Utende mikoko ni mingi, ufukwe wa kutembea miguu peku kwa muda mrefu si mwingi. Na kuna kuvuka bahari kutoka Nyamisati wakati kusi bado inavuma. Nilipomweleza Baba Neema habari ya kuvuka, hakusema hapana. Alinyamaza. Namjua huyu mtu, ule unyamavu ni hapana.

Pemba imetoka kwa sababu hiyo hiyo, ingawa Vumawimbi pengine ndiyo ingeshinda kwa upweke wake. Mikindani ni mbali mno kutoka Morogoro kwa siku tulizo nazo.

Kilwa nimeitoa kwa huzuni. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, urithi wa dunia tangu 1981, ni kitu ambacho nimetaka kukiona tangu darasa la sita. Lakini njia ya kusini bado inanitia wasiwasi tangu mvua za mwaka jana na kimbunga Hidaya cha Mei 2024, pale maji yalipokata barabara eneo la Somanga. Na mtu ukienda Kilwa unakwenda kuona. Safari hii si ya kuona.

Imebaki Ushongo. Hata hivyo sitaki ishinde kwa sababu nyingine zimeanguka. Lazima nayo ipimwe.

Jumapili, 29 Juni

Picha hazina sauti. Hilo ndilo lililonisumbua wiki nzima. Ufukwe wowote ukipigwa picha asubuhi unaonekana mtulivu.

Leo saa tatu usiku nimepiga simu sehemu nne za kulala: mbili za pwani ya Tanga na Pangani mjini, mbili za Ushongo. Kila mmoja nilimwomba kitu kimoja: "Naomba utoke nje na simu, usogee ufukweni, unyamaze dakika moja, nisikilize." Wa kwanza alidhani namtania, akakata. Wa pili alikubali, na nikasikia spika ya baa ya jirani waziwazi, hadi maneno ya wimbo. Wa tatu, wa Ushongo, nikasikia jenereta. Akanieleza kwamba huwa wanaizima saa nne. Wa nne alikuwa dada mmoja mpole sana. Akatembea, nikasikia miguu yake kwenye mchanga, kisha hakukuwa na kitu kingine zaidi ya mawimbi na makuti.

Nikaweka spika ya simu, nikampelekea Baba Neema kitandani. Alisikiliza dakika nzima. Halafu akasema, "Uvumi umepotea."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba nyumba ikiwa kimya kabisa ndipo masikio yanapovuma zaidi, na ndiyo maana siku hizi anaacha redio imewaka kwa chini anapolala. Daktari aliwahi kumwambia hivyo hivyo, kwamba kimya kitupu hakimsaidii mtu wa namna yake, anahitaji sauti laini ya kufunika ule uvumi. Miezi yote hii nilidhani ile redio ni mazoea tu.

Kwa hiyo nabadilisha sharti la kwanza la mradi. Sitafuti tena kimya. Natafuta bahari inayosikika kitandani, na kisisikike kitu kingine.

Jumapili, 6 Julai

Jirani yangu ana mjomba aliyevua Pangani zaidi ya miaka 40. Nimempigia. Shikamoo, marahaba, habari za mashamba, halafu nikaingia kwenye jambo.

Nilikuwa nimeshajipangia. Nilisoma kwamba mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari inakuwa na bamvua, maji yanajaa sana na kukupwa sana, na kwamba wageni wengi hulalamika kufika ufukweni wakakuta bahari imeondoka. Nikataka kusogeza safari hadi katikati ya Septemba, mwezi ukiwa nusu, wakati wa maji mafu, ili maji yasitoke mbali. Mzee akaniuliza, "Mumeo anajua kuogelea?"

"Hajui, mjomba."

"Sasa mbona unamtafutia maji? Mpeleke bamvua."

Akanieleza taratibu, na nimeandika alivyosema. Pwani ile, siku za bamvua, maji hukupwa mchana saa nne au saa tano, yanasogea kidogo kila siku, na hurudi kujaa alasiri. Ushongo ni tambarare, kwa hiyo bahari inaacha mchanga mrefu na vidimbwi vya maji ya magotini. Mtu asiyejua kuogelea anatembea ndani ya bahari kama anatembea shambani kwake. Alasiri anakaa chini ya mnazi akiitazama inarudi. Maji mafu, kwa upande mwingine, yangembakiza pale pale mwambao siku nzima, mbele yake maji, nyuma yake mchanga mkavu.

Kisha akaongeza jambo ambalo nisingelipata kwenye picha wala kwenye maelezo ya hoteli yoyote. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi, kwa hiyo siku hizo hawatoki. Usiku wa mwezi mpevu injini baharini zinapungua.

Maonyo yake: maji yakianza kugeuka tu, rudini, msisubiri yafike magotini, kwa sababu mikondo hujaa nyuma ya mtu kabla hajajua. Vaeni viatu, kuna wanyama wenye miiba mieusi kwenye mawe. Na mburuze miguu mchangani, yule samaki aitwaye taa hujifukia, akikanyagwa anachoma.

Tarehe imebaki. Siku tatu baada ya mwezi mpevu.

Jumamosi, 19 Julai

Yule dada wa simu ya nne banda lake moja limejaa hadi Jumapili jioni, jingine linakarabatiwa. Nimelipa rubuni ya shilingi 120,000 mahali pengine karibu na pale, kuanzia Ijumaa tarehe 5 Septemba.

Alhamisi, 24 Julai

Nimekosea hesabu ya siku. Kwa mwandamo, Maulidi inaangukia Ijumaa hiyo hiyo ya tarehe 5, kwa hiyo ni wikendi ndefu. Leo nimepiga kuulizia chakula, mhudumu akanitajia kwa furaha kwamba tutakuwa na wenzetu, kundi la ofisi moja, watu 40, na mziki wao wanakuja nao. Nimeomba rubuni yangu. Wamekubali kurudisha, pungufu shilingi 30,000.

Nilikasirika, lakini kosa la kutouliza ni langu. Swali la "nani mwingine atakuwepo" lilipaswa kuwa la kwanza kabla ya bei.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimerudi kwa dada wa simu ya nne. Jumapili tarehe 7 hadi Alhamisi tarehe 11, usiku nne, shilingi 95,000 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi, jumla 380,000. Siku za kati ya wiki anasema mara nyingi anakuwa na wageni wawili watatu. Tutalala Tanga Jumamosi kwa shemeji.

Kuna jambo nimeligundua nikiwa nahesabu maji, na limeninyima usingizi. Bahari inakupwa mara mbili kwa siku. Ikitoka saa tano asubuhi, inatoka tena saa tano usiku. Maana yake ni kwamba saa ile ile Baba Neema anapojaribu kulala, bahari itakuwa mbali. Siku niliyompelekea simu kitandani, bahari ilikuwa imejaa jioni ile, ndiyo maana tulisikia mawimbi. Nimechagua siku nzuri kwa mchana na mbaya kwa usiku.

Nimempigia dada tena. Akafikiri, akasema banda la mwisho upande wa kusini limezungukwa na minazi, na kusi ikiwa bado inavuma makuti hayanyamazi. Nimechukua hilo, lina kitanda kidogo zaidi.

Jumapili, 17 Agosti

Upatu umelipwa. Pesa imetimia.

Na hili: usiku wa Jumapili tarehe 7 Septemba mwezi utapatwa, kupatwa kamili, na kwetu Afrika Mashariki kutaonekana kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kutaanza kama saa moja na nusu usiku. Ushongo inatazama mashariki, mwezi unachomoza kutoka baharini. Sijamwambia.

Jumamosi, 6 Septemba, Tanga

Basi kupitia Chalinze, Segera na Muheza. Tumefika salama. Mjini kuna magari ya kampeni na vipaza sauti, Baba Neema ameweka vizibo vya masikio tangu stendi. Shemeji amepika pweza wa nazi.

Jumapili, 7 Septemba, Ushongo

Naandika kwa tochi ya simu, ni karibu saa sita usiku.

Pangani tulifika mchana. Mji ni mdogo na mzee, nyumba zake za kale zimechakaa lakini zina heshima. Hapa ndipo vita vya Abushiri vilipoanza mwaka 1888, na hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Desemba 1889. Tulisimama kidogo pembeni ya mto bila kusema mengi. Kivuko kikatuvusha hadi Bweni, Baba Neema ameshika chuma cha ukingo kwa mikono miwili, na pembeni yetu tunaiona kazi ya daraja linalojengwa. Alilitazama lile daraja kwa jicho la fundi hadi tukashuka. Kisha bajaji, vumbi, mashamba ya mkonge, minazi.

Bahari ilikuwa imejaa tulipofika. Hakuikaribia. Aliweka mizigo, akaketi kwenye ngazi ya banda.

Mwezi ulitoka baharini jioni, mkubwa, rangi ya embe. Tukala samaki. Ilipofika saa moja na nusu nikamwambia atazame. Aliona ukingo unaanza kuliwa, akadhani ni wingu. Saa mbili na nusu ulikuwa wote umefunikwa, mwekundu kama chuma kinachopoa, hayo ni maneno yake. Giza likawa giza kweli, nyota zikajaa, na maji yalikuwa yanatoka, unasikia yanavyosogea nyuma kidogo kidogo. Watoto wa kijijini walikuwa wanapiga kelele mbali, kisha wakanyamaza. Mwezi uliposafika kabisa ilikuwa karibu saa tano.

Tukalala. Bahari kweli ilikuwa mbali, sikuisikia. Nililala macho nikimsikiliza yeye. Makuti yalikuwa yanasugua paa, bila kukatika, kama mtu anayepepeta mchele. Redio iko kwenye begi, hakuiomba. Sasa hivi anakoroma.

Jumanne, 9 Septemba

Jana asubuhi alifika kwenye mchanga wenye maji ya vifundoni, akasimama. Sikumhimiza. Leo tumekwenda Maziwe.

Hilo la boti sikulitegemea. Ni kisiwa cha mchanga mbele ya Pangani, hifadhi tangu 1975. Zamani kilikuwa na miti, sasa hakina hata mmoja, na maji yakijaa kinazama chote. Kasa bado wanakuja kutaga pale, ndiyo maana mayai huhamishiwa huku Ushongo yasizame. Nahodha alimweleza Baba Neema kwamba tukifika maji yakiwa yamekupwa atasimama katikati ya bahari kwa miguu yake. Nadhani ni neno hilo "kwa miguu yake" lililomfanya apande. Alivaa jaketi la kuokolea tangu ufukweni, na nilimshika mkono njia nzima.

Tulifika kama saa tano. Mchanga mweupe umezungukwa na bahari pande zote. Alishuka, akaenda hadi mwisho wa mchanga, akakaa chini na viatu vyake vya maji, mgongo kwetu. Nilimwacha. Nahodha naye alimwacha. Alipokuja kusimama ni kwa sababu maji yalikuwa yameanza kugeuka na nahodha alituita.

Jumatano, 10 Septemba

Miaka 20.

Tumetembea saa nzima kuelekea baharini, maji hayajapita magoti, tukiburuza miguu kama mzee alivyosema. Kina mama wa kijijini walikuwa wanachimba chaza mchangani, wakatusalimu. Baba Neema alichota maji kwa mikono, akaonja, akacheka kwamba ni chumvi kweli. Akaninawisha uso. Akasema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Alasiri tumekaa chini ya minazi tukitazama bahari inarudi hadi pale tulipokuwa tumesimama. Dada ametupikia wali wa nazi na kuku, na ameweka maua ya asumini mezani bila kuombwa.

Usiku huu, tukiwa tunafunga mizigo, Baba Neema ameniuliza, "Kesho maji yanatoka saa ngapi?"

Nimehesabu. Kama saa saba kasoro mchana. Kwa mpango wetu, saa hiyo tutakuwa Pangani tayari, tunatafuta gari la Tanga.

Hakusema kitu, aliendelea kukunja shati. Nimefungua ukurasa wa pesa: baada ya kuweka pembeni nauli ya kurudi, zimebaki shilingi 137,000. Nimevaa ndala, nimekwenda kumgongea dada kumuuliza kama banda letu lina mtu kesho.